Chaneli ya Nyumbani

Kila siku akitoka shule, Hadia alikula, akaswali adhuhuri, kisha akaenda kuchuja asali dukani kwa baba yake, Mzee Tamimu. Duka lilikuwa Majengo, mjini Mpanda. Mwaka ule wa 1996 simu zilikuwa chache. Tamimu alikuwa na simu ya upepo, yaani redio ya mawasiliano, ya kuzungumza na mdogo wake, Anuari, aliyenunua asali kule porini Ugalla. Wake na watoto wa warina asali nao walikuja kuwasalimu watu wao walioko porini. Walijazana kwenye benchi, na kila neno lilisikika kwa wote.

Ndipo alipoitwa fundi Anselmo, akaweka chaneli mbili.

"Ya kwanza ni ya wageni, saa nne asubuhi," alieleza. "Ya pili ni ya nyumbani, saa tisa mchana. Hapo mlango ufungwe. Aliye kwenye ya kwanza hawezi kusikia ya pili."

"Habari za ugonjwa na msiba zitapita hiyo ya pili," alisema Tamimu. "Mtu hatupiwi habari mbaya usoni. Anafuatwa kwake, anakalishwa, anaambiwa taratibu. Umesikia, Hadia? Usiiguse."

"Nimesikia, baba."

Alhamisi moja Tamimu alichelewa stesheni akipakia madumu ya asali kwenye treni, saa tisa ikamkuta huko. Matilda, aliyesoma na Hadia darasa moja, akaingia dukani. Baba yake, Manyanda, alikuwa mrina asali Ugalla.

"Hiyo chaneli yenu ya siri mnaongea nini?" Matilda aliuliza. "Au hata kuifungua hujui?"

"Mimi nisijue? Kaa hapo uone!"

Hadia alizungusha swichi. Sauti ya Anuari ikatoka. "Kaka, unanipata? Manyanda ameanguka toka mtini akitundika mzinga. Mguu umevunjika, tunamleta kwa trekta. Mkewe ni mjamzito, mwambie taratibu. Ova."

Matilda hakungoja hata neno la mguu. Alikimbia mpaka kwao Makanyagio akilia kwamba baba yake amekufa. Mama yake, Dafrosa, alizimia mlangoni, akapelekwa hospitali.

Njiani Tamimu alisikia yaliyompata Dafrosa, akaingia dukani.

"Nani kafungua chaneli ya pili?"

"Sijui, baba. Niliwasha ya wageni, sauti ikaja yenyewe."

Fundi Anselmo akaitwa. Alifungua redio mbele ya watu waliojaa mlangoni, jasho likimtoka.

"Fundi, umeniaibisha," alisema Tamimu. "Chaneli zako zimechanganyika."

"Huyu nyie msimpe hata tochi atengeneze!" mtu mmoja alidakia, wakacheka.

Nyuma ya madumu, Hadia alikuwa akimwomba Mungu kimyakimya. Ee Mola, fundi aone waya uliokatika. Ghafla alisikia anachokiomba. Alikuwa anamwomba Mungu amtie hatiani mtu asiye na kosa! Hakuweza kuimaliza dua ile.

"Mimi sioni kilichoharibika," Anselmo alisema polepole. "Lakini kama mama yule ameumia kwa kazi ya mikono yangu, Mungu anisamehe."

"Si wewe, fundi." Sauti ya Hadia ilikuwa ndogo. "Niliifungua mimi. Nilitaka Matilda anione najua."

Tamimu akaushika mkono wa Anselmo. "Nimekutukana mbele ya watu hawa. Nakuomba radhi mbele ya hawa hawa."

Kesho yake alimpeleka Hadia hospitali. Manyanda alikuwa amefika, mguu umenyooshwa na kufungwa. Dafrosa alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mumewe, na mtoto tumboni alikuwa salama. Hadia alipiga magoti, akaeleza yote. Hakuthubutu kuinua macho.

"Mwanangu," alisema Dafrosa, "habari ya mtu ni mali yake, kama nguo iliyo sandukuni. Ulipofungua chaneli ile uliichukua ya kwangu. Ulipomsingizia fundi, ukachukua na jina lake zuri. Jina umemrudishia kwa kusema kweli, ingawa ilikuuma. Hofu niliyoipata mimi huwezi kuirudisha. Kwa hiyo, siku nyingine, anza na kutogusa."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Matilda yuko nje, amekaa peke yake. Nenda ukamwambie na yeye."

Hadia aliinuka, akajifuta uso, akatoka kwenda kumtafuta.