Mama Candida Aliyeondoka Darasani

Asubuhi ile Winifrida alifuta ubao uliokuwa safi tayari. Kisha akaufuta tena. Alitoka Zambia kuja mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, kufundisha watu wazima Kiingereza, na kazi hiyo aliipenda mno. Mtu wa miaka hamsini akitamka sentensi yake ya kwanza, mwalimu husahau hata njaa. Lakini juzi wanafunzi walikuwa kumi na wawili, na jana wakaja wanne tu. Wakizidi kupungua, darasa litafungwa naye atarudi kwao.

Mzee Kasmir, fundi cherehani wa ghorofa ya chini, alikuwa mmoja wa wale wanne. Alipanda kumjulia hali.

"Shikamoo, mzee. Wanafunzi wamenikimbia. Nimekosa nini?"

"Marahaba. Juzi ulimsimamisha Mama Candida aseme Kiingereza, akakwama. Ukamwambia Jacqueline amsahihishe. Watu wakacheka."

"Lakini Jacqueline anajua."

"Jacqueline ni msichana wake wa dukani! Kesho atamtumaje? Na wanafunzi wengine ni majirani wa mama huyo sokoni. Akiondoka yeye, nao wanaondoka."

Winifrida aliona aibu, akaweka kifutio chini. "Nifanyeje?"

"Kamwombe radhi. Na mtu mzima usimwaibishe kwa asichokijua. Anza na anachokijua."

Alienda Kariakoo, kwenye duka la vitenge la Mama Candida.

"Shikamoo, mama. Nilikukosea. Nisamehe."

"Marahaba," Mama Candida alijibu, macho kwenye vitambaa. Akaendelea kuvikunja. Winifrida akadhani hatasamehewa.

"Wateja wa kwenu Zambia wanakuja hapa kila wiki," mama akasema hatimaye. "Jacqueline ndiye anaongea nao. Mimi nakaa tu kama mgeni, dukani kwangu! Ndiyo maana nilikuja kusoma."

"Basi jioni mimi ni mteja, niuzie kitenge darasani. Maneno tuyapange sasa hivi, sisi wawili."

Saa kumi jioni ngazi zilijaa kishindo cha viatu. Mama Candida aliingia na furushi la vitenge, na wenzake wote nyuma. Alikunjua kimoja, akakisifia kwa Kiingereza cha taratibu. Winifrida akabishania bei, mama akamjibu. Hakuna aliyecheka mpaka mama alipocheka mwenyewe.

Jumamosi Winifrida alipita dukani, akakuta mteja kutoka Lusaka anauliza bei. Alisimama mlangoni, roho juu. Jacqueline akafungua mdomo kama alivyozoea.

"Subiri, mwanangu," Mama Candida akasema. "Huyu ni wangu."