Ajuza wa Kwenye Kadi

Bilkis alipomjibu bibi yake kwa Kiswahili, Nazmin aliacha mchuzi ukaungua. Binti yake huyo, mzaliwa wa Toronto, alikisikia Kiswahili lakini siku zote alijibu kwa Kiingereza. Mchana ule wa theluji alisema, kwa lafudhi ya Mji Mkongwe:

"Bibi wee, kaa kitako nikuhadithie. Paukwa!"

"Pakawa!" akaitikia Bi Sughra, machozi yakimtoka. Tangu mwanawe Ridha amlete Richmond Hill, kando ya Toronto, kutoka Unguja, hakuwa na wa kuzungumza naye.

Nazmin, mke wa Ridha, aliuza karatasi za kale mtandaoni. Wiki hiyo alikuwa amenunua kasha la kadi za matangazo, picha ndogo za rangi walizogawa wauza vitabu wa karne ya kumi na tisa ili watoto wawalilie wazazi wao wanunuliwe vitabu vya hadithi. Bilkis alijichagulia moja: ajuza kitini, kitabu mapajani, watoto wamemzunguka. Hakuiachia tena. Kila alipokaa nayo palinuka nywele zilizoungua.

"Anakuhadithia nini, mama?" Nazmin alimnong'oneza mkwewe.

"Ya humu humu. Mnavyotaka kunitupa nyumba ya wazee. Na ulivyosema nanuka."

Nazmin akarudi nyuma. Maneno yale aliyasema garini, mbele ya Ridha tu. Na tokea hapo, kila alipopita mlango wa chumba cha mkwewe, alisikia kurasa zikifunuliwa ilhali hamna kitabu, na pumzi za watoto wengi waliobanana wakisikiliza, na sauti ya bintiye ikisimulia bila kumeza mate, mpaka Nazmin akaacha kabisa kupita ukumbini.

Ridha akamleta Mulla Abdulsultan wa msikitini amsomee Bilkis. Alipoanza Ayatul Kursi, Bilkis akakakamaa, sauti nzito ikacheka kinywani mwake.

"Nilichorwa ninase watoto. Lakini watoto huchoka kusikiliza. Wazee hawachoki. Atakayenitoa ni yule aliyeniitikia."

"Mkatae, mama!" Mulla alimsihi Bi Sughra.

Bi Sughra alimtazama mwanawe. Ridha akainamisha kichwa.

"Muache mtoto," alisema Bi Sughra polepole. "Njoo kwangu mie. Mie nina nafasi."

Bilkis akaanguka, akaomba maji kwa Kiingereza. Kadi ilikuwa nyeupe tupu.

Juma lililofuata walimpeleka Bi Sughra nyumba ya wazee. Nazmin ndiye aliyemfungia mizigo, huku ameziba pua kwa mtandio.

Siku chache baadaye muuguzi alimpigia Ridha.

"Mama yako wazee wenzake wanampenda mno! Wataliano anawahadithia kwa Kitaliano, Wachina kwa Kichina. Lugha zote hizi alijifunza wapi?" Kisha sauti ikashuka. "Ila, bwana, kila mzee anayehadithiwa naye hafiki asubuhi."

Ridha akamshukuru. Akakata simu.

"Mama anasemaje?" Nazmin akauliza.

"Hajambo," alisema Ridha. "Amepata wenzake."