Mkono wa Kushoto wa Tulinagwe

Siku za soko la Lyulilo, vyungu vya Tulinagwe vilikuwa vya kwanza kuisha. Alivifinyanga uani kwa mkono wa kushoto, watu wasimwone. Utotoni alichapwa sana kwa ajili ya mkono huo, maana kwao kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumdharau. Mbele za watu alitumia wa kulia.

Mwaka huu mkono wa kushoto ulianza kutetemeka wenyewe, na vyungu vikamponyoka. Siku moja akaanguka, akatupatupa mkono huo, akazirai. Majirani wakasema amelogwa. Binti yake, Kisa, hakuwasikiliza, akampeleka hospitali. Picha ikaonyesha uvimbe upande wa kulia wa ubongo.

Daktari wa upasuaji alimuuliza anafanya kazi kwa mkono gani. Tulinagwe, kwa adabu zake zote, akainua wa kulia. Kisa alijua ukweli, lakini alimwonea mama yake haya, akanyamaza.

Mchana, muuguzi Raudha, mzaliwa wa Kyela mjini aliyevijua vyungu vyake kutoka sokoni, alileta dawa. Akamkuta Tulinagwe akilizungusha bakuli la uji, kidole gumba cha kushoto kikipapasa ukingo.

"Mama, vyungu unafinyanga kwa mkono gani?"

Tulinagwe alitazama chini. "Huu. Lakini si wa kumwonyesha daktari."

Raudha akavuta kiti. Alimweleza kwamba upande wa kulia wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kushoto, na uvimbe umekaa jirani kabisa na sehemu hiyo. Daktari hupima autoe kiasi gani bila kumwachia mgonjwa ulemavu.

"Hapa hatuulizi adabu, mama. Tunauliza kazi. Usiposema, atajuaje cha kukulindia?"

Kisa akaenda mwenyewe kumwita daktari. Wakakubaliana kwamba Tulinagwe ataamshwa katikati ya upasuaji. Ngozi ya kichwa itatiwa ganzi, na ubongo wenyewe hausikii maumivu. Daktari atagusa kwa umeme mdogo sana kutafuta sehemu ya mkono, naye atakuwa akichezesha vidole.

Siku ilipofika, aliogopa mno. Alifinyanga chungu hewani, machozi yakimtoka, Raudha akivitazama vidole. Vilipoanza kusita, Raudha akasema, na daktari akaacha kukata.

Kipande kidogo cha uvimbe kilibaki. Daktari hakuficha: atahitaji mionzi, atarudi kupigwa picha, na siku moja uvimbe unaweza kukua tena. Kisa alilia. Tulinagwe akamwambia daktari, "Ndaga," asante ya kwao.

Baada ya mionzi alirudi Lyulilo. Aliketi mbele ya nyumba, wapita njia wakimwona, akafinyanga kwa kushoto. Chungu cha kwanza kilikaa upande kidogo.

"Mama, daktari alisema umebakiwa na miaka mingapi?" Kisa aliuliza.

"Miaka hakunipa, mwanangu. Alinipa mkono."

Akaomba maji ya kulainishia udongo, akaendelea na kazi.