Krimu ya Bibi Karani

Jua lilikuwa linazama fundi wa krimu alipotoka kupeleka kopo. Watu walimwambia apumzike. Zilikuwa wiki saba tu tangu amzike mdogo wake wa kike na kubaki na binti wa marehemu, wa miaka sita. Apumzike afanye nini? Hata mazishini hakulia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama fizi iliyopigwa sindano.

Wakati wa msiba hakuna aliyemwagilia mishubiri yake ya kupikia krimu, ikakauka yote. Lakini juu ya kaburi la mdogo wake uliota mmea mmoja, majani manene, utomvu mweupe kama maziwa. Hakujua jina lake. Aliyachuma majani, akayachemsha, akayachuja kwa kitambaa, akachanganya na mafuta na nta. Krimu ikatoka laini kuliko zote alizowahi kupika. Krimu ya mikunjo ya uso ni krimu tu, alijiambia, hata ikiwa ya mmea mwingine.

Kopo la kwanza alimuuzia Bibi Karani, mstaafu wa mahakama aliyeishi peke yake mwisho wa mtaa. Sasa bibi alitaka la pili.

Akabisha hodi.

"Pita, dada."

Fundi alisita. Miaka yote Bibi Karani alimwita mjukuu.

Ndani mlikuwa na kiza chepesi, na harufu... udongo mbichi. Nyayo ziliburuzika ukumbini. Taa ikawashwa.

Shingo ilikuwa ya kizee, imekunjamana. Mikono ya kizee, ina madoa.

Uso ulikuwa wa mdogo wake.

Mwanya uleule. Kovu lilelile juu ya nyusi, la siku alipoanguka ngazini wakiwa watoto.

Fundi alisubiri aogope. Hofu haikuja.

"Bibi Karani yuko wapi?" alinong'ona.

"Amelala." Kidole kiligusa shavu. Ngozi ikaachia kidogo pembeni, kama bahasha isiyogandishwa vizuri. "Inakauka, dada. Umeniletea?"

Alimpa kopo. Akaketi, akamtazama akijipaka taratibu, hadi pembeni pakashika tena.

"Mwanangu hajambo?"

"Hajambo. Anakuulizia kila siku."

"Basi niletee nimwone."

Mwenye akili zake angekimbia, akaita majirani. Fundi alilijua hilo. Alilijua kama mtu anavyojua habari za mji wa mbali.

Asubuhi alikwenda makaburini, akachuma majani yaliyobaki. Yalikuwa matatu. Aling'oa na mzizi.

Jioni alimwogesha mtoto, akamchana nywele, akamvalisha viatu vya shule.

"Tunakwenda wapi, mama mkubwa?"

"Kupeleka krimu."

Walipofika, mlango ulifunguka kabla hawajabisha. Mtoto alichungulia kizani. Akakaza macho. Kisha akauachia mkono wa mama yake mkubwa, akaingia mbio.

Mlango ukafungwa polepole, kwa ndani.

Fundi alibaki barazani na kopo lake, akisubiri kusikia sauti... yoyote.