Mchumba Wangu Huchora Madubwana

"Basi nionyeshe ile picha ya Nuhu," Baba akasema.

Muoki aliweka kikombe cha chai mezani polepole, akanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

"Nuhu gani, Mzee?"

"Nuhu wa safina. Muhonja ameniambia unachora kalenda za Biblia. Nimewaambia hata wazee wa kanisa."

Ilikuwa Jumapili alasiri, nyumbani kwetu mtaani Jericho, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumleta Muoki kwa Baba. Baba yangu, Mzee Luseno, alisimamia boila, yale matangi ya kuchemshia maji yawe mvuke, katika kiwanda cha sabuni kwa miaka thelathini na moja. Akiona pembe kwenye picha yoyote, huuliza kama ni mambo ya shetani. Muoki naye huchora majoka, madubwana na vyombo vya angani, vya kutiwa kwenye vitabu vya hadithi. Sasa ningefanyaje? Nilidanganya. Baba akikataa, harusi hakuna, na mimi nilimtaka huyu Mkamba kuliko kitu chochote duniani.

Nikatoa simu chini ya meza, nikamwandikia:

"Sema umeiacha home. Nitakueleza baadaye. Tafadhali."

Simu yake ikalia. Akasoma, akaandika. Yangu ikalia:

"Unataka nidanganye babako? Kwani unanionea aibu?"

"Simu zenu zinapokezana kama wanakwaya," Baba akasema. "Kuna nini?"

Muoki akavuta pumzi.

"Mzee, sijawahi kuchora Nuhu. Mimi huchora madubwana."

"Madubwana?"

"Na vyombo vya kwenda angani. Vya hadithi za kubuni."

Baba akanigeukia. "Muhonja, mimi nimewaambia nini wazee wa kanisa?"

"Kalenda, Baba."

Muoki alichukua mkoba wake, akasimama. Hakufoka. Afadhali angefoka, maana ule upole wake ulinichoma.

"Asante kwa chai, Mzee. Muhonja, sisi tulijuana kwa hizi picha. Ukizificha, utakuwa unaolewa na nani?"

Na kweli. Tulikutana mtandaoni, kwenye ukurasa wa wapenzi wa picha za ajabu, tukagombana wiki nzima. Mimi nilikuwa nikimsifu Warigia na rangi zake za maji, mchoraji ambaye joka lake limezingirwa ukungu hadi unatamani kulinywesha maziwa. Yeye alikuwa akimtetea Kaha, anayechora kwa wino mtupu, kila nati unaiona. Kufika Ijumaa, tulikuwa tumeshaacha habari za picha tunaulizana kila mmoja amekula nini.

Nikasimama mlangoni.

"Baba, nilidanganya kwa sababu nilikuogopa wewe. Simwonei huyu aibu. Nampenda, na kazi yake naipenda. Nimekosa kwenu wote wawili."

Baba akakuna kidevu.

"Kijana, hujamaliza chai. Keti. Hayo madubwana yako mkobani?"

"Yako, Mzee."

"Leta."

Baba akavaa miwani, akafungua daftari. Kwenye joka alikohoa, akafunua upesi. Kwenye dubwana la macho sita akauliza:

"Hili linaabudiwa?"

"Hapana, Mzee. Linaogopesha tu."

"Sawa."

Kisha akafika kwenye chombo cha angani, kile Muoki alichokichora miezi miwili, mabomba juu ya mabomba. Baba akasogeza daftari karibu na macho. Akaweka kidole.

"Hii ni nini?"

"Boila, Mzee. Chombo kinaendeshwa kwa mvuke."

"Na hapa juu?"

"Valvu ya usalama, ya kutoa mvuke ukizidi."

"Umeweka koki katikati ya boila na valvu ya usalama. Mtu akiifunga hii koki, mvuke utatokea wapi?"

Muoki akainama kuangalia. "Kaha ndivyo anavyochora."

"Basi huyo Kaha hajawahi kushika spana! Hapa katikati hakuwekwi kitu. Watu wako watalipuka kabla hawajauona mwezi." Akaninyooshea mkono. "Muhonja, leta kalamu."

Nilileta. Wakainamiana mezani, vichwa vikikaribia kugongana.

"Wewe una mkono," Baba akasema baada ya kitambo. "Lakini umeiga tu alichochora mwenzako. Kuna siku boila namba mbili ilinguruma nikakimbia hadi getini. Hilo ndilo dubwana. Hilo nitakueleza, ulichore."

"Nitashukuru sana, Mzee."

"Na hao wazee wako wa Ukambani, waambie waje mwezi ujao tuongee."

Yaani amekubali tuoane. Lakini Muoki hakumjibu Baba. Aliweka kalamu chini, akanigeukia mimi.

"Siku hiyo shangazi zako watauliza huyu kijana hufanya kazi gani."

"Nitajibu mimi."

"Utasema?"

"Nitasema anachora madubwana. Na daftari nitawafungulia mimi mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa."

"Hata lile la macho sita?"

"Nitaanza na hilo."

Alinitazama kwa muda, kisha tabasamu likamtoka kidogo kidogo. Akamgeukia Baba.

"Mzee, mwezi ujao tarehe ngapi?"