Mdako wa Shubakani

Vifupa vilikuwa na uvuguvugu. Ghita alilihisi hilo mara tu alipovigusa, akadhani ni joto la mikono ya watoto waliotangulia, maana katika makumbusho yale ya michezo ya kale, huko Fez, hapakuwa na kitu cha kutazamwa kwa macho tu.

"Shikeni, rusheni, vunjeni mkiweza!" Bwana mwangalizi wa nyumba hiyo, aliyeitwa kwa heshima Si Larbi, alikuwa akiwachekea wageni.

Nezha, binti yake Ghita, aliziacha pia za mbao za kuzungusha na wanasesere wa matete, akaenda kuchuchumaa mbele ya shubaka la ukutani, akicheza mdako kwa vifundo vya miguu ya kondoo. Alirusha kimoja, kikatumbukia shubakani. Kikarudi.

"Nani kakurudishia?"

"Rafiki yangu. Usituingilie, mama, sasa ni zamu yake."

Hapo Ghita akapigwa na uvundo. Akawalaumu watengeneza ngozi wa bondeni, wanaoloweka ngozi zao kwa mavi ya njiwa. Lakini alipokiokota kile kifupa kilimteleza vidoleni; kilikuwa kimejaa ute, na unyuzi wa nyama mbichi ukining'inia, kama kitu kilichotemwa sasa hivi. Alikitupa, akajipangusa kwenye nguo, akamburura mwanawe nje.

"Hatujamaliza!" Nezha alilia njia nzima. "Mama, hatujamaliza!"

Nyumbani, mtoto hakuigusa kuskusi. Aliinama juu ya sinia akachokora mifupa waliyokwisha itema wengine, akainyonya na kuiguguna.

"Acha uchafu, Nezha!"

Nezha akakohoa. Akatia vidole mdomoni mwake, akaanza kuvuta sufu ya kondoo iliyolowa, akavuta, ikawa inatoka tu, ya kijivu, inanuka zizi na maiti, hata mwisho wake kikadondoka kifundo chenye mnofu juu ya kuskusi. Akamtazama mama yake na kucheka kwa sauti nzito.

"Zamu yako."

Walimwita Lalla Tamo, mganga wa mtaa. Mlangoni tu akaziba pua.

"Mwanao kaukimbia mchezo katikati. Mwenzake hataki kafara, anataka uishe."

"Basi nitaenda nimshinde!" alisema Ghita.

"Umshinde jini nyumbani kwake? Utashindwa, mwanangu, na utalipa. Kwao aliyeshindwa hunyoosha kiganja, mshindi akakilamba. Akilamba cha mtoto, huna mtoto tena."

"Na cha kwangu?"

"Cha kwako tutakipaka chumvi. Chumvi hawaiwezi. Ila usiuvute mkono kabla hajalamba. Ukiuvuta, nisilaumiwe."

Alasiri ya siku ileile Si Larbi aliwafungulia, akabaki kizingitini. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Mimi shubaka hilo hata kulifagia silifagii," alinong'ona. "Fanyeni haraka, jamani."

Ghita akarusha. Vifupa vikarudi, vizito zaidi, vimevaa nyama. Akarusha tena, vikarudi vikipwita mkononi mwake kama vyura, na safari hii vikamponyoka vyote, vikatapakaa sakafuni kwa kishindo cha matope.

"Umeshindwa," alinong'ona Lalla Tamo, akimmiminia chumvi kiganjani. "Mpe."

Ghita akauingiza mkono gizani, akafumba macho, akasikia pumzi ya moto yenye harufu ya utumbo uliolala juani, kisha ulimi, mpana, wenye vinyweleo, ukaanzia kwenye kifundo cha mkono na kupanda polepole, ukijikunja kati ya kidole na kidole, ukitafuta, ukionja, na matapishi yakampanda kooni akayameza, akayameza tena, akimfikiria Nezha, hadi ule ulimi ulipofika katikati ya kiganja penye chumvi, ukasimama, ukatetemeka, na nyumba nzima ikajaa mlio kama wa kondoo elfu wanaochinjwa kwa kisu butu.

Kisha kimya. Ndani ya shubaka hamkuwa na kitu ila vumbi.

Nezha alipona, jioni hiyo aliomba mkate na asali, akala akashiba. Si Larbi alilizibisha lile shubaka kwa mawe na jasi. Lalla Tamo akaapa kwamba yule jini kaenda zake.

Ghita naye huitikia, "Alhamdulillahi." Hamwambii mtu kwamba kiganja chake kimekuwa laini tupu, hakina hata mstari mmoja. Wala hamwambii mtu kwamba kila ajilazapo adhuhuri huamka mkono ukiwa umening'inia nje ya kitanda, umelowa, una uvuguvugu, na vidole vimelambwa kimoja kimoja kwa uangalifu, kama anavyofanya mlaji aliyekwisha izoea chumvi.