Chungu Kilichovunjwa kwa Makusudi

Kigae kimoja kilikataa kukauka. Vyote vilioshwa pamoja, vikaanikwa uani mwa chuo kwenye trei za waya, jua likavipiga tangu asubuhi. Lakini kile kimoja, kipande cha mdomo wa chungu, kilibaki na unyevu upande wa ndani, kama midomo ya mtu aliyetoka kunywa maji. Gundi, mwanafunzi aliyekabidhiwa vigae hivyo, alikifuta akakirudisha juani. Aliporudi baada ya kipindi alikikuta kimelowa tena.

"Labda hakikuchomwa vizuri," alisema mwanafunzi wa ukutubi aliyekuwa akipita na vitabu kifuani. "Au kinakudondokea udenda."

Gundi akacheka. Hilo la Gundi lilikuwa jina la chuoni tu. Chuo kile kilifundisha watunza nyaraka, wakutubi na wanaakiolojia, watu wasiokubaliana hata saa ya chai, lakini kwa mkono wa Gundi walikubaliana wote: hakuna aliyemfikia katika kuunganisha vilivyovunjika. Nyumbani ndiko mambo yalikokuwa magumu. Mume aliondoka bila kuaga, akamwachia binti mdogo ambaye majirani walimwita Kasuku, kwa kuwa akishaamka mdomo haufungwi mpaka alale. Sasa chumba cha ukarabati kilitafuta fundi wa kudumu, na mkufunzi alikwisha kusema wazi kwamba ambaye kazi yake ya mwisho itaingia kwenye kabati la kioo pale mlangoni, kazi ni yake. Gundi aliitaka kazi ile kufa na kupona.

Vigae vyake vilitoka kwenye mashimo yaliyokuwa mbalimbali, kila kimoja kimezikwa peke yake chini ya jiwe bapa. Mkufunzi alifurahi utadhani kaokota dhahabu.

"Aliyekivunja chungu hiki alikusudia," aliwaambia darasani. "Alitumia kitu kizito, akavitawanya vipande, akavizika kimoja kimoja. Kwa nini, hatujui. Imani zao hizo. Sisi tukiunge, tuone umbo."

Darasa zima likaandika. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama mtu aliyetoka jasho lote lile kuvitenganisha vipande alikuwa na sababu. Kilichovunjika kinaungwa, ndivyo walivyofundishwa, na vichwa vyao vilikwisha kujaa.

Tena Gundi alivisafisha kwa mate. Usikunje uso, ndiyo kazi ilivyo: maji huondoa tope tu, na ukisugulia huozesha rangi ya kale, dawa huibabua, lakini mate ya mtu kwenye pamba iliyoviringishwa kijitini huondoa uchafu taratibu bila kudhuru kitu. Unalowesha, unasugua, unatupa pamba, unaanza upya. Gundi alifanya hivyo kutwa nzima mpaka ulimi ukamkauka. Mate hayakubaki juu ya vigae. Yalizama.

Alipounga vipande viwili vya mwanzo, chumba kilinuka udongo wa mvua na nywele zilizoungua. Jioni ile Kasuku alisimama mbele ya jagi akashindwa kusema maji.

"Nataka ile," alisema.

"Ile ipi?"

"Ile, mama. Ile ya kunywa."

Gundi alidhani ni mchezo. Kipande kingine kiliposhika, mtoto akapoteza neno kiatu, kisha dirisha, kisha jina la paka wa jirani ambaye alizoea kumfukuza kutwa. Alikuwa akinyoosha kidole, midomo inacheza, halafu machozi yanamlengalenga kwa hasira.

"Kapoa siku hizi," jirani alimsifia. "Umempa nini, nami nimpe wangu?"

Alasiri moja wenzake walikuwa mhadharani na mvua ilikuwa ikipiga mabati. Gundi aliinama kuweka kipande cha shingo, akasikia ndani ya chungu mtu akifyonza, taratibu, kama mtoto anayemaliza uji kwa kulamba bakuli. Akaganda na kipande mkononi, akijiambia ni mvua, ni bomba la ukutani, ni masikio yake mwenyewe yaliyochoka kwa kukaa kimya, na huku akijiambia hivyo ile harufu ya nywele zilizoungua ikampanda puani mpaka macho yakamtoka machozi, na kutoka kule gizani, kwenye tumbo la chungu ambalo halikuwa na kitu isipokuwa gundi isiyokauka, ikaja sauti ya Kasuku, ileile yenye kithembe, ikitaja jambo moja moja kama mtoto anayehesabu vitu vyake: maji, kiatu, dirisha.

"Nipe tena, mama," sauti ikasema.

"Wewe nani?" Gundi alinong'ona.

"Mwanao. Si umeninywesha mwenyewe?"

"Mimi nina mtoto mmoja."

"Ndiyo," kikajibu chungu. "Mmoja tu."

Alielekezwa kwa mganga wa kike aliyekaa nyuma ya gereji. Alimkuta anamenya viazi. Mganga hakuchoma ubani wala hakumpa pole.

"Jini alivunjiwa nyumba akafungika, wewe umemjengea," alisema. "Ukamlisha na mate yako juu. Sasa anajihesabu mwanao, na hataki mwenzake."

"Nifanye nini, bibi?"

"Kivunje leo hii. Kikishakuwa kizima atamaliza maneno ya mtoto, ahamie kwenye pumzi."

"Na sauti yake?"

"Iliyoingia imeingia. Itabaki vigaeni, labda apate mtoto mwingine ndipo ataitema ya kwanza."

Gundi akasema, kwa aibu, "Mtihani ni kesho, bibi, na chungu hicho ndicho kazi yangu ya mwisho. Siwezi kungoja mpaka baada ya mtihani?"

Mganga alimtazama kidogo. "Nenda basi kafanye mtihani," alisema, akachukua kiazi kingine.

Alienda. Aliogopa, lakini kazi aliitaka kuliko alivyoogopa, na huo ndio ukweli wake. Tumboni mwa chungu palibaki pengo ambalo kigae chake hakikupatikana. Akaliziba kwa plasta, akijidanganya kwamba chungu chenye plasta si kizima. Watahini walikizunguka wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Mkufunzi alikibeba mwenyewe mpaka kwenye kabati, akafunga kwa ufunguo, akampa Gundi mkono mbele ya watu.

Simu ya Gundi ikaita. Alikuwa jirani.

"Njoo upesi. Mtoto anafungua mdomo, hewa haiingii."

Gundi alinyanyua stuli ya bawabu akakipiga nayo kioo cha kabati. Watu walipiga kelele nyuma yake, mtu akamshika gauni, naye akaingiza mikono katikati ya vioo vilivyomchana akakitoa chungu, kikiwa cha moto kama mwili wenye homa, na chungu kikaanza kumlilia kwa maneno yote ya Kasuku kwa pamoja, mama usinivunje, mama nitanyamaza, mama nitakuwa mtoto mzuri, nishike mama, naogopa, na mikono yake, mikono ileile iliyosifiwa chuo kizima, ikamkumbatia kifuani badala ya kumtupa, mpaka aliposikia kwenye simu iliyodondoka sakafuni jirani akipiga yowe. Hapo akakibamiza chini.

Kasuku alivuta pumzi. Neno hakusema tena.

Chuo kilimfukuza Gundi, akapata kibarua cha kufua mashuka katika nyumba ya wageni. Mwaka ukapita nyumba ikiwa kimya kama haina watu. Kisha jioni moja, wakati anamwogesha, Kasuku alitia kidole kwenye beseni akasema, "Maji."

Gundi alilia kwa furaha. Siku iliyofuata kikarudi kiatu, kisha dirisha. Likaja na jina la paka, na hapo furaha ikaanza kumwogopesha. Akamshika mtoto mkono wakaenda chuoni.

Langoni walikutana na kijana mwenye gundi vidoleni.

"Wewe ndiye yule?" kijana alitabasamu. "Chungu chako kipo kwangu. Unajua hapa hawatupi kitu. Nimefika shingoni."

"Unakisafisha kwa kitu gani?"

"Mate. Mkufunzi anasema hakuna dawa kama mate."

"Una mtoto?"

"Mke wangu kajifungua juzijuzi. Bahati yetu, dada. Mwanzoni alikuwa mlizi, sasa hata kilio hakitoki. Tunalala mpaka kunakucha."

Gundi alifungua mdomo amwambie. Kasuku akamvuta mkono.

"Mama, twende nyumbani," alisema.

Alisema yote hayo kwa mara moja, bila kukwama. Gundi alimtazama binti yake, kisha akamgeukia kijana.

"Hongera," alimwambia. "Una mkono mzuri. Na lile pengo la tumboni, lizibe kwa plasta."